Barua kwa Somo Yangu Kuhusu Miraba Mitano

Tanga,
Juni 14

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na hongera kwa cheo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale unaposema kwamba tangu ukabidhiwe karakana umeamuru mafundi wote kumi na wawili walete kila swali kwako, iwe kitambaa kimepungua au kifungo kimekosekana. Kabla hujauzoea utaratibu huo nakuomba unisikilize, kwa maana mimi kasoro yake nilifundishwa na vipande 15 vya manila.

Mwaka jana kiwanda chetu cha uchapaji kilituletea mkufunzi, nasi wasimamizi tukajiandaa kwa siku nzima ya hotuba. Badala yake alituketisha watano watano na kumpa kila mmoja bahasha yenye vipande vilivyokatwa kwa pembe za namna namna. Bahasha hazikuwa sawa: mmoja alikuta vipande vinne, mwingine viwili tu. Kazi ilikuwa kila mtu awe na mraba wa inchi 6 kwa 6 mbele yake, yote mitano ikilingana. Kusema kulikatazwa, na hata kuashiria kwamba unakihitaji kipande cha mwenzako. Kunyakua ndiyo usiseme. Ruhusa ilikuwa moja tu, kutoa chako ukampa mwingine.

Mimi, unavyonijua, nilimaliza wa kwanza, nikakunja mikono. Nisichokijua ni kwamba baadhi ya vipande vinafanana, hivyo mraba mmoja waweza kuundwa kwa njia kadhaa, lakini ni mpangilio mmoja tu unaotoa miraba yote mitano. Wangu ulikuwa umenyooka vizuri, na ndio uliowafungia njia wenzangu wanne. Kijana wa chumba cha mashine aliyeketi mkabala nami alikuwa akizigeuza pembetatu zake huku na huku. Kipande alichokihitaji alikwisha kukiona, kimelala mbele yangu, na masharti yamemfunga mdomo. Muda mrefu ulipita kabla sijainua macho kutazama meza nzima. Kuuvunja mraba wangu kuliniuma, sikufichi. Nilipomsogezea kile kipande, haikuchukua muda meza yote ikamaliza.

Chemshabongo hiyo inanasibishwa na Alex Bavelas, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye, miaka ya kuzunguka 1950, alikuwa katika chuo kikuu cha teknolojia cha MIT, hukohuko Marekani, akichunguza jinsi habari zinavyopita katika vikundi vidogo. Harold Leavitt, aliyefanya kazi katika uchunguzi huohuo, alitoa matokeo yake mwaka 1951: watu watano walitenganishwa kwa vizuizi, wakawa wanaandikiana vikaratasi. Pale ambapo wote walimwandikia mmoja aliye katikati, kazi ilikwenda haraka, lakini wale wa pembezoni hawakuifurahia. Walioandikiana kwa duara walikosea zaidi na kutumiana vikaratasi vingi zaidi, ila kazi waliipenda. Kwa hiyo hesabu yako si kosa tupu: kasi ya wiki za mwanzo utaipata.

Kilichonikera ni mkufunzi kusema kwamba fundisho ni ukarimu. Sikuwa mchoyo pale mezani, nilikuwa nimemaliza, na hayo ni mambo mawili. Kiwandani kwetu kila idara ilijaza daftari lake: wachapaji walihesabu karatasi zilizotoka mashineni, nasi wa kujalidi tukahesabu vitabu vilivyofungwa. Wachapaji walikuwa wakitangulia kuchapa majalada, kwa kuwa ni kazi nyepesi na hesabu hupanda upesi, huku mashine ya kukatia ikikaa bure kungoja kurasa za ndani. Daftari lao lilipendeza, na mteja hakupata kitabu. Sisi hatukukatazwa kusema, lakini tuliishi kana kwamba tumekatazwa, kwa sababu kila neno lilibidi lipande kwa meneja kisha lishuke. Siku hizi wakuu wa idara tunasimama pamoja dakika kumi kila asubuhi mbele ya oda za siku, na mtu wa kujalidi anamwambia mchapaji ana kwa ana anachokingoja.

Chemshabongo ina udhaifu wake, nao uujue: aliyeikata alihakikisha kwamba vipande vinatosha, ilhali karakanani kwako hakuna aliyekuahidi hivyo.

Nimekukatia seti mbili za manila, zitafika kwa basi la Jumamosi. Kila bahasha nimeiandika herufi yake, usivichanganye vipande kabla ya kuanza. Wewe usicheze, simama nyuma ya meza, umtazame atakayemaliza wa kwanza, kisha uniandikie alikaa na mraba wake kwa muda gani.

Ni mimi,
Somo yako