Shoga, jana nimeropoka

Shoga, za masiku? Mie mzima, watoto wazima, simu ndo ile ile ya kioo kilichopasuka kwa hiyo herufi zikiruka nivumilie. Najua unanidai majibu mawili, leo nalipa na riba.

Jana tunangoja kikao kianze, yule mbwatukaji akaanza zake, eti watu wa kwetu ukiwaachia ufunguo asubuhi jioni wameshachonga wa pili. Watu wakacheka. Nami nikaona nisilale na fundo, nikamrudishia, nyie wa kwenu mtu anaumwa mnahesabu hela kwanza. Wakacheka zaidi, nikajiona bingwa. Kumbe bi mkubwa wa stoo yuko nyuma yangu. Wa kwao huyo huyo mbwatukaji! Na mwanangu alipolazwa nani alinipa nusu ya mshahara wake, hajanidai mpaka leo? Alikuwa anapanga makaratasi, mkono ukasimama, halafu akaendelea, kingo kwa kingo, polepole, hakuniangalia. Mbwatukaji mwenyewe katoka anapiga mluzi.

Sijalala. Nikakumbuka ile habari aliyotusimuliaga dada yako, ya Tajfel, yule mwanasaikolojia, na wale vijana wa shule kule Bristol, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanakadiria idadi ya vidoti kisha wanaambiwa wewe kundi hili wewe lile, uongo mtupu, wamegawanywa kibahati tu na hata hawajui mwenzao nani, lakini wakipewa kugawa hela wengi wanapendelea kundi lao. Vidoti shoga! Mie mwenye ukoo na lafudhi nitapona?

Na usiniambie ningenyamaza, sinyamazi. Ila ningemuuliza tu, ufunguo upi, kachonga nani, lini? Angekwama, maana hana mtu wa kumtaja, ana "watu wa kwenu" basi. Hapa nilishaandika wanaume wa pale wote ndo walivyo, nimefuta. Ona ugonjwa wenyewe.

Ile mikono ya bi mkubwa ndo inanisumbua. Sasa nimfuate stoo peke yake au niseme mbele ya wale wale waliocheka? Akinijibu "hamna neno mwanangu" nitajuaje kama limeisha kweli? Wewe na shemeji mlipokoseana ulianzaje, ulianza na samahani au ulizunguka kwanza? Unaweza kunipigia kesho kabla sijaingia kazini? Saa kumi na mbili nakuwa macho.