Malalamiko kuhusu maelekezo ya kupika maharage kwenye sufuria yenu ya presha

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: MAELEKEZO YA KUPIKA MAHARAGE MAKAVU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua sufuria yenu ya presha kwa ajili ya maharage makavu. Boksi lake limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba maharage yanaiva kwa dakika 10, na jedwali la kwenye kijitabu linarudia hivyo hivyo. Halisemi kama ni maharage yaliyolowekwa au yaliyotoka kwenye mfuko moja kwa moja. Nilipika maharage mekundu kwa muda huo, nikayakuta maganda yamepasuka na ndani bado magumu.

Sufuria yenyewe sina ugomvi nayo. Kwa presha kamili maji yake hufika nyuzi 121 hivi za Selsiasi, wakati kwenye sufuria ya kawaida hayavuki 100, na ndiyo maana inaokoa muda na moto. Lakini dakika 10 ni za maharage yaliyolala kwenye maji usiku kucha. Yasiyolowekwa yanahitaji dakika 30 hadi 40, na yaliyokaa ghalani muda mrefu huzidi hapo. Mnaotengeneza sufuria za kupikia maharage mnalijua hilo. Kwa nini hamkuliandika?

Wala si suala la ladha tu. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo humfanya mtu atapike na kuharisha ndani ya saa chache. Mpishi mgeni anayeamini jedwali lenu anaweza kuyapakua yakiwa magumu, akawapa watoto. Kijitabu kizima hakina onyo hata moja kuhusu jambo hili.

Kubwa zaidi ni usalama. Ndani ya sufuria mmechora mstari mmoja tu wa kujazia, kwenye theluthi mbili. Maharage huvimba na hutoa povu jingi linalobeba maganda hadi kwenye tundu la mvuke, kwa hiyo hayapaswi kuvuka nusu ya sufuria, pamoja na maji yake. Mimi nilijaza chini kidogo ya mstari wenu. Mvuke ulikata ghafla, kisha vali ya usalama ikaanza kurusha povu la moto hadi ukutani. Nilizima jiko, nikatoka jikoni, na sikurudi hadi sufuria ilipopoa. Tundu lilikuwa limezibwa na ganda la haragwe. Nilipopiga simu kwenu, aliyenihudumia alinijibu kwamba nilijaza kupita kiasi. Kupita kiasi gani, ikiwa mstari ni wenu na sikuufikia?

Tena kijitabu kinaagiza mvuke uachiwe mara moja baada ya kupika, chakula chochote kile. Kwa maharage hiyo ni hatari, maana povu hufuata mvuke na kutokea tunduni. Yanatakiwa yaachwe mpaka presha ishuke yenyewe. Hata kijiko kimoja cha mafuta, ambacho hupunguza povu, hamkukitaja.

Ninaomba mnibadilishie vali ya usalama na mpira wa mfuniko bila malipo, kwa kuwa vali ilishafunguka na siiamini tena. Ninaomba pia mchore mstari wa nusu ndani ya sufuria mnazotengeneza kuanzia sasa, na mtoe karatasi ya masahihisho kwa waliokwisha kununua: muda wa maharage yaliyolowekwa na yasiyolowekwa, kiasi cha kujaza, na namna ya kushusha presha. Yale maandishi ya dakika 10 kwenye boksi yaondolewe, au yaongezewe neno "yaliyolowekwa".

Nahitaji jibu la maandishi ndani ya siku 14, kutoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kubadilisha kijitabu hicho. Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha ya vali na picha ya ukurasa wenye jedwali.

Wenu,
Mteja