Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kuhamisha Watu

Wanachama wenzangu, hamjambo. Mambo ya mikutano na michango ya matanga katibu ameshawatumia, mimi nataka tuongee juu ya zile familia nne tulizotoa kwa ile ploti ya kupanga hapa Rhonda, Nakuru, maana ndio kazi imetumaliza nguvu mwaka huu na bado haijaisha.

Mnajua vile ilianza. Kunguni walizidi, jamaa akaitwa apige dawa kwa bei rahisi, akaja na dawa ya shamba kwa chupa ya soda, haina lebo, akapuliza kuta, vitanda mpaka magodoro. Wiki hiyohiyo watoto wakaanza kutapika, mate yanawatoka, machozi hayakatiki, wazazi wakadhani ni malaria. Ni daktari wa zahanati aliuliza, nyumbani mmepuliza nini?

Kitu kimenisumbua sana ni kuambiwa "mwenyekiti, si harufu imeisha". Jamani, shambani dawa kama hiyo inaliwa na jua na mvua, lakini ndani ya nyumba jua liko wapi, inakaa ukutani miezi na miezi, na mtoto anayetambaa anaiokota na mikono anapeleka mdomoni. Hata Marekani yaliwapata, 1996 kule Mississippi watu bila leseni walipuliza methyl parathion, dawa ya mashamba ya pamba, ndani ya nyumba, ikabidi zaidi ya watu 1,000 wahamishwe. Huko serikali ilibeba gharama. Sisi tulikuwa na mkokoteni na mchango wa M-Pesa.

Mama mmoja alikaa juu ya godoro akakataa kushuka, amelinunua juzi na pesa ya kufulia watu nguo. Nikamwambia mama liache, sumu imeingia kwa sponji, mtoto akilala hapo tutakuwa tumehama na shida yetu. Alilia, na mimi nililia. Sufuria na sahani tuliosha na sabuni tukiwa na glavu, magodoro na makochi yakabaki. Magodoro mapya mawili bado tunadaiwa dukani, tafadhali tumalize hilo deni.

Sasa sikieni hili. Zile rumu zimepigwa rangi na zinatafutiwa wapangaji, jana nimeona kijana na mkewe wakiangalia moja, mtoto mgongoni. Niliwaeleza wakaondoka, lakini siwezi kusimama pale kila siku. Barua ya kwenda PCPB, bodi ya serikali ya kusajili dawa za wadudu, nimeshaandika, inataka sahihi zenu. Jumamosi saa tatu asubuhi, kwa geti ya ploti.