Usiingie mtoni, baba

Kimara, 2 Januari

Baba yangu,

Mdogo wako anakuamkia. Hatujambo, ila joto la kaskazi mwaka huu limetuzidi.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Kwamba tarehe 6 mnatoka Plovdiv kwenda Kalofer, huko huko Bulgaria, na umeshaazima shati lao lililotariziwa ili uingie mtoni na wanaume wa pale. Baba, usiingie. Nenda, angalia, piga picha, lakini usimame ukingoni.

Sikatai sikukuu yao. Nimewasimulia hata wenzangu wa jumuiya kwamba Waorthodoksi siku hiyo wanakumbuka Bwana alivyobatizwa Yordani, wakati sisi kwenye Tokeo la Bwana tunasoma habari za Mamajusi. Miaka yote ninayosali sikulijua hilo. Padri anatupa msalaba mtoni, wanaume wanaukimbilia, atakayeutoa ana baraka ya afya mwaka mzima. Halafu wanashikana ndani ya mto Tundzha, maji kiunoni, ngoma zinapigwa na ile zumari yao ya mfuko wa ngozi inalia, wanacheza horo. Vizuri kabisa. Ila ukaongeza kwamba msalaba ukishikwa na barafu ndiyo heri, mwaka utakuwa wa neema. Barafu! Hapo ndipo nilipoweka simu chini.

Nimekaa wodini miaka 26. Maji ya baridi hiyo yakikupiga kifuani unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, moyo unakwenda mbio, na kama umeinama umeshakunywa mto. Huyo ni mwenye kifua kizima. Wewe kifua chako unakijua. Usiniambie pumu iliisha ulipoingia sekondari. Iliisha kwa sababu ulikuwa Dar.

Na wenzako hawajui. Ile fomu ya afya, pale walipouliza magonjwa ya kifua, mwandiko ni wangu. Niliogopa wangekunyima nafasi. Sasa ukianza kubanwa mtoni nani atajua akutafutie nini? Mwambie huyo unayelala naye chumba kimoja. Mwambie leo, usingoje tarehe 6.

Unasema utaonekana mwoga. Mwoga wa nini, mtoto aliyeondoka hapa na begi moja, akajifunza kusoma herufi zao, na sasa ananieleza habari za mshairi Botev aliyezaliwa hapo Kalofer 1848 kana kwamba ni mzee wa mtaani kwetu? Kila ninayekutana naye kanisani namwambia mwanangu anasomea udaktari. Lakini tabia yako ni ile ile, mtu akikuita tu "njoo" umeshavua viatu. Daktari gani anaingia kwenye maji ya barafu na pumu yake?

Umesema yakishabarikiwa watu wanayachota kwenye chupa wapeleke nyumbani. Hayo chota. Nawa uso, jipake kifuani kidogo, inatosha. Baraka haikuulizi maji yalikufika wapi.

Huku bomba limekauka siku ya nne, dumu shilingi 500, na jana nimeosha vyombo kwa maji niliyooshea mchele. Ada ya mdogo wako nimelipa nusu. Usitume kitu, lipa kodi yako kwanza. Fundi wa paa la jikoni alichukua hela ya misumari, hajarudi. Jiko la mkaa nimelihamishia nje, chini ya mwembe. Nilitakiwa kulitoa ndani tangu ukiwa hujaanza shule.

Barua hii anakuja nayo binti wa jirani, anaondoka kesho usiku. Amebeba na mfuko wako: dagaa wa Kigoma, pilipili, kanga ya kujifunika, na pampu mbili za bluu za pumu. Nimeziingiza ndani ya soksi nyeusi za sufu, siyo zile za kijivu. Angalia tarehe ya kuisha kabla hujaziweka. Moja ikae kwenye koti, hata ukiwa umesimama ukingoni, maana hewa yenyewe ya hapo inatosha kukubana.

Tarehe 6 jioni nipigie wewe mwenyewe, nisikie unavyohema. Sitaki ujumbe. Tuko mbele yenu saa moja tu, nitakuwa macho.

Mama yako