Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayeanza kufundisha Neno

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu katika jina la Bwana. Nimefurahi kusikia kwamba vijana wa kanisani kwenu wamekukabidhi somo la Biblia la kila wiki, na kwa kuwa mama yako ameniambia umepanga kuanza na Yeremia 29:11 («Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho»), nimeona nikuandikie hadharani, maana najua si wewe peke yako unayeuandaa mstari huo. Umebandikwa kwenye vioo vya nyuma vya daladala, umechapwa kwenye kalenda na kadi za mahafali, na katika mikesha ya mwaka mpya husomwa kana kwamba uliandikwa usiku uleule kwa ajili ya mwaka unaoingia. Sikukatazi kuupenda. Ninachokusihi ni kwamba, kabla ya kuuliza unatuambia nini sisi, uulize kwanza uliwaambia nini wale waliousikia kwa mara ya kwanza.

Mstari huo ni kipande cha barua. Nabii Yeremia aliiandika akiwa Yerusalemu, ikapelekwa Babeli kwa mkono wa Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, iwafikie watu ambao Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliwahamisha pamoja na Yekonia, mfalme wa Yuda, mwaka 597 K.K. Swali lililokuwa likiwakera mateka hao lilikuwa moja tu: tutarudi lini? Na jibu tamu lilikuwa limekwisha kutolewa. Fungua sura ya 28 uone jinsi nabii Hanania alivyosimama katika nyumba ya Bwana, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vya hekalu pamoja na mateka wote vitarudishwa, kisha akaitwaa nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, ishara ya kumtumikia mfalme wa Babeli, na kuivunja. Yeremia mwenyewe aliitikia amina, kwa kuwa naye alitamani iwe hivyo. Lakini neno alilopewa baadaye lilikuwa kwamba mahali pa nira ya mti itakuja nira ya chuma. Mgawanyo wa sura, ambao hunasibishwa na Stephen Langton, askofu mkuu wa Kiingereza wa karne ya 13, umetuzoesha kufunga kitabu mwishoni mwa sura ya 28 na kuanza upya siku nyingine, na hivyo tunaisoma barua bila kujua inabishana na nani.

Sasa tazama barua inavyosema. Jengeni nyumba mkakae ndani yake, pandeni bustani mkale matunda yake, oeni, zaeni wana na binti, uombeeni mji ule mliochukuliwa mateka. Ndipo unapokuja mstari wa 10: Babeli itakapotimiziwa miaka sabini, Bwana atawajilia na kuwarudisha. Mstari wako unafuata papo hapo, tena unaanza kwa neno «maana», yaani unatoa sababu ya jambo lililokwisha kusemwa. Ukiukata hapo, umekata na miaka sabini. Mtu aliyefika Babeli akiwa na umri wa miaka arobaini aliisikia ahadi hii akijua kwamba atazikwa ugenini na kwamba watakaorudi ni wajukuu wake. Kwa hiyo mhubiri anayeutumia kuwahakikishia watu gari na visa kabla ya Desemba, nasema hili bila kumtaja mtu, yuko karibu zaidi na Hanania kuliko Yeremia.

Kuhusu tafsiri, usishike moja tu. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, ile ambayo bibi yako aliisoma mpaka jalada likabanduka, inasema Mungu anawawazia «mawazo ya amani». Tafsiri za karibuni zimeandika mema, au mipango ya kuwafanikisha. Neno la Kiebrania ni shalom, na linabeba yote hayo: utulivu, uzima, ustawi. Hakuna mtafsiri aliyedanganya. Ila neno hilohilo limo pia katika mstari wa 7, wanapoagizwa kuutakia amani mji wa adui, kwa kuwa katika amani yake nao watapata amani. Ile ya Muungano imeandika amani mahali pote pawili, na msomaji anaona kwa macho yake kwamba heri waliyoahidiwa haitengani na heri ya majirani zao Wababeli. Ukisoma mahali pamoja ustawi na pengine mafanikio, uzi huo hauonekani, na ni rahisi kudhani kwamba mafanikio ni ya mtu mmoja mmoja. Kiswahili chetu, kwa bahati njema, hakifichi kwamba aliyesemeshwa ni «ninyi». Sisi ndio tunaougeuza kuwa «wewe» tunapofika mimbarani.

Najua utaniuliza kama Roho hawezi kumpa mtu mstari huu kwa haja yake ya leo. Anaweza, na mimi siwezi kumpangia. Lakini Biblia yenyewe inatuonyesha msomaji mmoja wa miaka hiyo sabini. Katika Danieli 9, Danieli, naye mateka huko Babeli, anasema alifahamu hesabu hiyo kwa kuvisoma vitabu, na kilichofuata ni kufunga, kuvaa gunia na majivu, na toba ndefu ambayo ndani yake anasema «tumefanya dhambi», akijihesabu pamoja na taifa zima. Aliyapokea maneno ya Yeremia kama yalivyosemwa, kwa watu wote na kwa muda uliotajwa, na hilo halikuyapunguzia nguvu moyoni mwake hata kidogo.

Kwa somo lako la kwanza, basi, waambie vijana wasome sura za 27 hadi 29 kwa sauti, kwa kupokezana, pasipo maelezo yako. Itachukua kipindi chote, nawe acha ichukue. Wakifika mwisho watamkuta Shemaya Mnehelami, aliyekasirishwa na barua hiyo hata akaandika kutoka Babeli akitaka Yeremia atiwe gerezani, na jambo lililomuudhi zaidi lilikuwa lile agizo la kujenga nyumba na kupanda bustani. Waulize kwa nini liliudhi, kisha nyamaza uwasikilize wale waliomaliza chuo na bado wanasubiri ajira.

Msalimie mama yako.

Ni mimi mjomba wako