Websaiti yako ukiifungua kwenye simu inakuwaje?

Mwezi wa tano, mvua hazikatiki hapa Moshi, alikuja ofisini kwetu tunapotengeneza websaiti kaka mmoja mwenye kampuni ya kupandisha wageni mlimani, kabeba laptopu yake kubwa. Websaiti anayo, alilipia hela ya maana tu, na kwakweli ukiiangalia inavutia, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imejaa skrini nzima. Ila meseji za wageni haziji, anaowapata ni wale wa kuletewa na marafiki. Nikamwambia kaka funga hiyo laptopu, chukua simu yako, fungua websaiti yako mwenyewe alafu nitafutie bei ya kupanda kwa njia ya Machame siku sita.

Tukakaa tunaangalia picha ya mlima inashuka kidogo kidogo kutoka juu. Ilipokamilika maandishi yakawa madogo kama ya kile kikaratasi kinachokunjwa kwenye boksi la dawa, akaanza kuvuta kwa vidole viwili. Jedwali la bei lina safu saba, akisogeza kulia aone bei hajui tena ni ya njia gani, akirudi kushoto kwenye jina la njia bei imepotea. Akabonyeza "Tuandikie" ikafunguka "Kuhusu sisi" maana vitufe vimebanana. Akaweka simu mezani, akanyamaza. Iliniuma, maana hela yake ilishatoka na hakuna aliyemwambia.

Tatizo liko hivi. Simu nyingi za Android tunazotumia, brauza (ile programu ya kufungulia websaiti) inazihesabia upana wa kama pikseli 360, yaani vinukta vya kupimia skrini, wakati laptopu za kawaida zinaanzia 1366 hivi. Ukurasa usipoiambia simu itumie upana wake yenyewe, simu inauchora kana kwamba ni kompyuta, upana wa kama pikseli 980, alafu inaubana wote uenee kwenye kioo, ndo hapo herufi zinakuwa sisimizi. Kuna mstari mmoja tu wa code (maandishi ya kutengenezea websaiti) unaotoa hiyo amri, kwake haukuwepo. Ila ukiuweka huo peke yake jedwali bado litamwagika nje, kwahiyo mpangilio wenyewe lazima ujue kujikunja. Hili sio jambo geni, mwaka 2010 mbunifu Mmarekani Ethan Marcotte alishaelezea namna ya kutengeneza websaiti moja inayopima skrini na kujipanga yenyewe, safu tatu kwenye laptopu, moja kwenye simu, vipimo vya asilimia badala ya pikseli ngumu, na picha zinazonywea. Sisi tunaanza kuchora ya simu kwanza, ikikaa sawa ndo tunapanua kwenda kubwa, maana ukianza na kubwa kila kitu kinaonekana kina nafasi.

Jedwali lake tulilivunja, kila njia ikawa na kibox chake, jina, siku, bei, kitufe, unashuka kwa dole gumba tu. Vitufe tukavipa urefu wa pikseli 48 na nafasi katikati. Maandishi ya kijivu hafifu tukayatoa, ukisimama stendi saa saba mchana jua la utosi huyasomi kabisa.

Picha ndo ilikuwa mzigo hasa, ile Kibo iliingizwa kama ilivyotoka kwenye kamera, MB 6, pikseli 6000 kwa upana, kwenda kwenye kioo kisichoweza kuonyesha hata robo yake. Tukaitengenezea saizi tatu, brauza inachagua yenyewe, ya simu haifiki KB 150. Mteja ananunua bando kwa hela yake jamani, usimlipishe mlima wako.

Alafu kuna suala la nani anasoma, watu wengi wanalisahau. Mgeni wa Ujerumani anapanga miezi mingi kabla, anasoma kila kitu, anataka bei ya dola, nini kimo na nini hakimo, usalama kule juu ukoje, na anaweza kuanza kwenye simu akamalizia kwenye laptopu. Mtanzania anayetaka kupanda Marangu na wenzake wa kazini anauliza mengine kabisa, bei kwa shilingi (ada ya hifadhi kwetu raia ni ndogo kuliko ya mgeni), kama anaweza kulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, na anataka kuongea na mtu WhatsApp sio kujaza fomu. Kwahiyo Kiswahili tulikiandika upya kwa ajili yake, hatukutafsiri ile ya Kiingereza.

Na usikubali fundi akuambie "kwenye simu tuyafiche haya yasijazane". Google tangu 2016 ilitangaza inahamia kusoma websaiti kwa jicho la simu, ukificha bei kule unaweza kuikosesha hata kwa anayekutafuta akiwa kwenye kompyuta. Panga vizuri, usifiche.

Kama una websaiti na una wasiwasi nayo, pita ofisini, kuangalia ni bure na haizidi nusu saa. Njoo na simu unayoitumia kila siku, na kama nyumbani kuna ya zamani imelala kwenye droo ichaji uje nayo, hiyo ndo tutaanza nayo.