Barua kwa Hamisi: hizo redio za mtumba hazijafa

Tanga, Jumapili usiku

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, isipokuwa mama bado anauliza kahawa uliyomwahidi tangu Idi. Nimekwisha kukutetea mpaka maneno yameniishia.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili huku nacheka, unisamehe. Unasema umenunua redio mbili za mawasiliano za mtumba, Motorola GM300, za kufunga kwenye magari. Moja kompyuta haiioni kabisa. Nyingine imekubali kuprogramiwa, ila inapokea makelele ya kila mtu kana kwamba toni hujaiweka, ile sauti ya chini inayochuja ili usikie wenzako tu. Na fundi wa hapo mjini amekwambia zote zimekufa, zitupwe. Usitupe kitu.

Nianze na hiyo ya makelele, maana ndiyo iliyonichekesha. Ile maiki ilikuja na kile kibati chake cha kuning'inizia? Najua jibu: haikuja. Wanaozing'oa kwenye magari huacha kibati kimefungwa kwenye dashibodi. Basi kile si pambo. Kimeunganishwa na bodi ya gari, na maiki ikikaa pale redio inajua kwamba imewekwa mahali pake. Ukiinyanyua, redio inafungua toni makusudi ili usikie kama kuna mtu anaongea kwenye chaneli kabla hujaingia. Sasa wewe huna kibati, maiki umeilaza kitini, redio inadhani umeishika mkononi mchana kutwa. Lazima itakusikilizisha wote! Tafuta kibati, kifunge penye chuma kitupu kisicho rangi, ning'iniza maiki, kisha usikilize tena. Mimi hilo lilinipotezea siku mbili nzima, na toni nilikuwa nimeiandika sawasawa toka mwanzo.

Kikishindikana kibati, kwenye programu yenyewe kuna mahali pa kuiambia redio isijali habari ya maiki. Lakini kibati ni bora.

Sasa hii isiyosomeka. Umesema unatumia laptopu yako mpya, na ule waya wa USB ulionunua mtandaoni. Hapo ndipo penye shida, wala si kwenye redio. Programu ya GM300 ni ya enzi za DOS, ule mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows. Inalishika tundu la siriali lenyewe, lile la pini 9, bila kumpitia Windows, na inapima muda kwa mwendo wa kompyuta za wakati ule. Ukiiweka kwenye mashine ya kasi inauliza swali na kukata tamaa kabla redio haijafungua mdomo. Mbaya zaidi ni ikifanikiwa kuanza kuandika halafu ikakatikia njiani. Hapo ndipo redio hufa kweli. Kwa hiyo tafuta laptopu kuukuu yenye tundu halisi la siriali, iwashe kwa DOS tupu, si lile dirisha jeusi ndani ya Windows. Mimi ninayo moja imekatika bawaba, kioo nakiegemeza kwenye debe, na siiuzi kwa bei yoyote.

Katikati ya kompyuta na redio lazima kiwepo kile kisanduku tunachokiita RIB, cha kupatanisha volti za pande mbili. Tundu la kompyuta linatoa volti chanya na hasi zinazoweza kufika 12 hivi, na waya wa data wa redio unataka 5 tu. Ukiunganisha moja kwa moja unaomba moshi. Baadhi ya visanduku hivyo vina betri ya volti 9 ndani, na betri ikichoka utaona dalili zile zile za redio iliyokufa. Basi kabla hujamlaumu mtu, badilisha betri.

Umeme wa redio chukua kwenye betri ya gari, usitegemee wa ukutani. Ukikatika wakati wa kuandika, kilio ni chako.

Na jambo la kwanza ukishaisoma: hifadhi faili la mipangilio kama ilivyokuja, kabla hujagusa chochote. Nilipokuwa naanza kazi nilichukua faili la redio nzima nikalimwaga kwenye ya pili ili nisichape chaneli upya. Ile ya pili ikaanza kutoa sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi. Kumbe vipimo vya kiwandani vya kila redio vinakaa humo humo na chaneli, na mimi nimeivalisha vipimo vya mwenzake. Ya asili sikuwa nimeihifadhi.

Kabla ya yote hayo, zigeuze usome kibandiko cha nyuma. Namba ikianza na M33 au M43, ni VHF, yaani ya masafa ya chini, na wenzako wa magari ya watalii wapo huko. Ikianza na M34 au M44, ni UHF, ya masafa ya juu zaidi, na hata ukiiprogramu vizuri namna gani hutampata mtu. Hizo za VHF nazo zina vipande viwili, megahezi 136 hadi 162 na 146 hadi 174, kwa hiyo linganisha na masafa yaliyoandikwa kwenye leseni ya kampuni kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Masafa ya kuokota kwa jirani usiyaweke, tafadhali.

Wakikwambia sauti yako inapasuka na wewe unawasikia kwa mbali, uliza mtandao wenu unatumia upana gani wa chaneli. Redio hizi za zamani nyingi ni za kilohezi 25. Marekani waliwalazimisha watu wahamie 12.5 ifikapo 1 Januari 2013, na mashine nyingi za aina hii zikatolewa kazini. Kama kampuni yenu wako kwenye 12.5, hapo sina dawa. Ziuze kwa mwenye 25.

Nipigie picha ya vibandiko vyote viwili, na ya huo waya. Kisanduku changu cha RIB nitampa dereva wa basi la Jumatano asubuhi, nimekifunga kwenye gazeti. Akirudi nacho, arudi pia na kahawa ya mama.

Wako,
Saidi